Kabla Hatujashona Bendera: Mombasa, Ngoma na Swali la Pride

Kila Juni ikifika inboksi yangu hujaa swali moja: mbona Mombasa haina Pride? Mwaka huu swali limekuja na ombi juu yake. Kuna kundi la vijana, wengine nawajua kwa sura na wengine kwa akaunti tu, wanataka niongoze tamasha la wazi hapa kisiwani. Bendera, spika, matembezi kutoka Makadara hadi Fort Jesus, na mimi mbele na kamera. Na kuna kundi la pili, watu wa jamii hiyo hiyo moja tunayojidai tuko nayo, wamenitumia ujumbe ati nikithubutu kuposti tangazo hilo nisahau kuwa tunajuana. Yaani hata asiyetupenda hajaamka, sisi wenyewe tushagawana mapande.

Nimeombwa na wote wawili nichague upande. Kabla ya kuchagua nikaenda kusoma. Mimi si mwanahistoria, chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha. Na nilichokuta ni kwamba hili swali la tamasha na mgawanyiko, mji wetu umekuwa nalo zaidi ya miaka mia moja. Wallahi tumelisahau tu.

Anzeni na ngoma. Wengi wenu mkisikia "Mombasa ya kale" mnaona mlango wa nakshi na mzee wa kahawa. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 na sehemu kubwa ya karne ya 20, mji huu ulikuwa na ngoma za barabarani zenye kelele kuliko tamasha lolote mlilowahi kuliona TikTok. Wanaume walikuwa na beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, na sare, vyeo na magwaride. Vyama vilivyotamba hapa vilikuwa Kingi na Scotchi. Wanawake walikuwa na lelemama: wamejipanga mstari, mikono ikienda pamoja, na nyimbo zenye mafumbo ya kumchoma aliye upande wa pili. Chama kikubwa cha wanawake kilikuwa na mpinzani wake, kama Ibinaal Watan na Banu Saada. Mwanamke alipanda cheo ndani ya chama kwa kulisha watu. Ng'ombe walichinjwa, sare zikashonwa, pesa zikaenda.

Sasa hapa ndipo pananivutia. Ngoma ile ilikuwa ya kujionyesha waziwazi, na ilikuwa ya mgawanyiko waziwazi. Hakuna aliyejifanya kuwa tamasha linaunganisha watu wote. Ulicheza ili uwashinde wenzako wa mtaa wa pili. Lakini ndani ya chama kimoja, mwanamke wa kiungwana na mwanamke mzao wa watumwa waliweza kusimama mstari mmoja, jambo ambalo nje ya ngoma lilikuwa gumu. Si kwa usawa kamili, msinielewe vibaya. Vyeo vilibaki vyeo. Ila walikuwa wanajuana kwa majina, walikuwa wanazikana.

Kitabu kizuri kuhusu hawa kipo kwa Kiswahili, *Wanawake watatu wa Kiswahili*, kilichokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel kutoka kwa midomo ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Wote wa mji huu. Tafuteni, msingojee mimi niwafanyie video ya dakika moja.

Kisha ikaja miaka ya 1950. Serikali ya mkoloni ilipanga uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, na mwanamke wa Kizungu na wa Kihindi walikuwa na kura, wa Kiarabu hana. Wanawake wa Mombasa wakaandika ombi la kudai kura, na miongoni mwa waliolisukuma walikuwa wanawake waliozoea kuongoza lelemama. Fikirieni tu. Ni nani mwingine alikuwa anajua kugonga mlango wa kila nyumba? Ni nani alikuwa na orodha ya wanawake wa mji kichwani? Kura wakaipata, kwa wale waliojua kusoma na kuandika. Haukupita muda wakagawanyika tena, kukawa na jumuiya mbili za wanawake wa Kiislamu mjini badala ya moja. Kwa hiyo msidhani mgawanyiko ni ugonjwa wa kizazi chetu cha simu. Waliungana kwa jambo moja lenye mwisho, wakalipata, wakarudi kwenye ugomvi wao. Mimi naona hiyo ni hesabu nzuri kabisa.

Sasa mtaniuliza, na sisi tulikuwa wapi wakati huo?

Tulikuwepo. Neno lenyewe linasema. Nyanyangu hapa Bondeni akimwita jirani yake "shoga yangu" anamaanisha rafiki yake wa kike, na hana habari kabisa na hasira mnazozijua nyinyi. Neno hilo hilo likapewa mwanamume aliyekaa na wanawake, aliyepiga ngoma kwenye harusi, aliyejua siri za ndani ambazo mume mwenye nyumba hazijui. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd aliishi Mombasa miaka ya 1970 akaandika kuhusu mashoga, mabasha na wasagaji wa mji huu, makala yake kubwa ikatoka 1987. Deborah Amory akafuata na yake 1998. Mkisoma Shepherd mtaona kitu kisichopendeza sana: alichokiona ni kwamba cheo na mali vilikuwa na uzito kuliko mambo ya nani analala na nani. Msagaji tajiri alikuwa na heshima yake na wategemezi wake. Maskini alikuwa chini ya mtu.

Nayasema haya kwa sababu kuna video zinazunguka ati Pwani ya zamani ilikuwa pepo, kila mtu alikubaliwa, mpaka Mzungu akaleta sheria. Sehemu ya sheria ni kweli. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inatoka 1930, na vifungu 162 na 165 ni urithi wa mkoloni, kimoja miaka 14 jela na kingine mitano. Lakini pepo? Hapana. Kulikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ilikuwa na bei, na asiyekuwa na pesa alilipa kwa heshima yake. Mwenye nyumba kubwa alifunga pazia. Aliyepanga chumba kimoja hakuwa na pazia la kufunga.

Hii ndiyo mpaka wa leo, na ndiyo maana nimechelewa kuwajibu. Nikiangalia majina ya kundi linalotaka matembezi, nusu yao hawaishi mtaani na mama zao. Kuna wa Nyali mwenye geti na askari. Kuna wa Nairobi. Kuna mmoja wa Toronto, nampenda sana, lakini yakichacha yeye atakuwa anatazama kwenye simu. Kundi linalosema tunyamaze ni la Majengo, Kisauni, Likoni, na hapa kwetu. Watu wanaojulikana na muuza mahamri, na mwalimu wa madrasa, na bodaboda wa pembeni. Mkiwaita waoga mimi sitawaelewa.

Na mpaka wa pili hatuutaji kabisa: wanawake. Pesa za miradi zilipoanza kuingia Pwani ziliingia kupitia Ukimwi. Utafiti na kliniki zilihesabu wanaume wanaolala na wanaume, kwa hiyo ofisi, posho, semina na nauli zikawaendea wanaume. Dada zetu hawakuwa kwenye fomu. Miaka ikapita, mnawaita kwenye mkutano wa "jamii nzima", mnashangaa wamekaa nyuma na mikono wamekunja.

Basi njooni 2010, kwa sababu hapo ndipo historia yetu ya karibuni inaanza kwa kweli, na wengi wenu mlikuwa watoto wa chekechea.

Mtwapa, ukivuka Nyali upite Bamburi na Shanzu. Februari 2010 uvumi ukaenea kwamba wanaume wawili wanataka kuoana. Harusi haikuwepo. Tarehe 11 viongozi wa dini wa pale, Waislamu na Wakristo pamoja, wakatoa tamko na kutaka kituo cha KEMRI kilichokuwa kinatoa huduma za Ukimwi kifungwe. Kesho yake, Ijumaa tarehe 12, umati ukakizingira. Watu wakapigwa. Polisi wakachukua watu kadhaa, baadaye wakawaachilia bila mashtaka. Siku zilizofuata wengine walisakwa mpaka nyumbani kwao.

Angalieni nani aliungana siku hiyo. Sheikh na mchungaji, ambao kwa kawaida Pwani hii wana mengi ya kuvutana, walikaa meza moja kwa sababu yetu. Na angalieni umati ulikwenda wapi: kwenye kliniki. Haukwenda kwenye jumba la mtu tajiri. Ulikwenda mahali ambapo maskini alikuwa anafuata dawa zake.

Sasa, PEMA Kenya ilikuwepo tayari, ilianzishwa Mombasa 2008. Jina ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya watu waliotengwa na kudhulumiwa, lakini ukilisoma kwa Kiswahili ni pema, kama mahali pema. Baada ya Mtwapa wangeweza kufanya mambo mawili ambayo mtu yeyote angeyatarajia: kujificha kabisa, au kuandamana kwa hasira. Wakafanya la tatu. Wakaanza kukaa na viongozi wa dini. Kikao kwa kikao, miaka na miaka, chai na maandazi, bila kamera.

Hili watu wengi hawalielewi, wanadhani walikwenda kumwomba sheikh aseme ni halali. Huwezi kuanza hapo, na hawakuanza hapo. Jambo la kukubaliana lilikuwa dogo kuliko hilo na zito kuliko hilo: kwamba kumpiga mtu na kuchoma nyumba yake si ibada, na kwamba mgonjwa apate dawa. Septemba 2015 Human Rights Watch na PEMA walipotoa ripoti yao kuhusu mashambulizi ya Pwani, jina lake lilibeba maana hiyo hiyo, kwamba suala ni ghasia. Ndani yake kuna viongozi wa dini waliobadilika, si katika kila kitu wanachokiamini, bali katika kile wanachokihubiri siku ya Ijumaa au Jumapili. Mkinibishia kwamba hiyo ni kidogo sana, nitawaambia muulizeni aliyekuwa ndani ya kliniki ile tarehe 12 Februari.

Hapo kuna dada mmoja atasema: sawa, vikao, vikao, mpaka lini? Swali lake ni la haki. Kunyamaza hakujawahi kushinda kesi.

Chukua Ukunda. Februari 2015 wanaume wawili walikamatwa kwenye baa huko Kwale, wakaletwa hospitali ya serikali hapa Mombasa wakafanyiwa uchunguzi wa nguvu wa sehemu ya nyuma, ati kutafuta ushahidi. Wakaenda mahakamani. Juni 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema ni sawa tu, walikubali wenyewe. Wakakata rufaa wakisaidiwa na tume ya kitaifa ya haki za mashoga na wasagaji, ile inayojulikana kama NGLHRC. Machi 22, 2018, Mahakama ya Rufaa ikiwa imekaa hapa hapa mjini, ikasema uchunguzi ule ni kinyume cha katiba. Walioshinda ni watu wawili wa Pwani, si maprofesa, na kwenye karatasi za kesi wameandikwa kwa herufi tu. Walijitokeza vya kutosha kushinda, na wakajificha vya kutosha kuishi. Mimi naiona hiyo kuwa fahari kuliko bendera yoyote.

Na tuwape haki yao waliotembea. Agosti 2012 pale Entebbe, Uganda, kando ya ziwa, Kasha Jacqueline Nabagesera na wenzake walifanya Pride ya kwanza ya nchi ile. Mwaka mmoja na nusu tu kabla yake, Januari 2011, David Kato alikuwa ameuawa nyumbani kwake. Polisi walikuja, watu wakakamatwa, wakaachiliwa. Agosti 2014, siku chache baada ya Mahakama ya Katiba kufuta sheria ya kupinga ushoga, wakatembea tena. Nikitazama picha zile bado nywele zinanisimama. Lakini endeleeni na hadithi. Agosti 2016 polisi walivamia klabu pale Kabalagala, Kampala, katika wiki ya Pride, watu wakapigwa na kudhalilishwa, mmoja akaruka kutoka ghorofani akaumia vibaya. Septemba ile ile wakazuiwa Entebbe. 2017 tamasha likafutwa. 2023 sheria mpya ikaja, kali kuliko ya kwanza. Sisemi matembezi ndiyo yaliyoleta sheria. Wanasiasa wale walikuwa na sababu zao hata kama hakuna aliyetoka nje. Nasema Kasha na wenzake walijua wanacheza na nini, na ndio walioamua.

Tofauti na Kakuma. Hii ni Kenya, hii ni yetu. Juni 2018 wakimbizi wa LGBT, wengi waliokimbia Uganda, walitembea na bendera ndani ya kambi. Vitisho vya kuwaua vikafuata, na baadaye mwaka ule kuna waliohamishwa kuletwa Nairobi kwa usalama. Machi 2021 moto ukawashwa usiku walipokuwa wamelala baadhi yao pale kambini, na mmoja akafa Aprili kwa majeraha. Katikati ya matembezi na moto kuna miaka na mambo mengi, siwezi kusema hili lilizaa lile. Ninachojua ni kwamba kambini huwezi kutembea peke yako. Wachache wakipita na bendera, kila aliyekuwa anajulikana anawekwa kwenye kapu moja, hata yule aliyebaki hemani akasema mimi leo siendi. Bondeni ni hivyo hivyo. Kuta zetu zinagusana. Ukikohoa usiku jirani anakwambia pole asubuhi.

Halafu kuna hali ya hewa ya sasa. Mei 24, 2019 Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kufuta vifungu 162 na 165. Februari 24, 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ikasema NGLHRC wana haki ya kusajiliwa, kesi iliyoanza miaka kumi nyuma. Septemba 12 mahakama ikakataa kuurudia uamuzi ule, na Ijumaa ile, tarehe 15, baada ya swala, watu walimiminika barabarani hapa Mombasa kupinga. Kwa hiyo mji huu umeshaona maandamano yenye neno LGBT kwenye mabango, ila hayakuwa yetu. Njia mnayotaka tupite na spika ni pua na mdomo na njia yao.

Kwa hivyo jibu langu, na nimewaandikia makundi yote mawili maneno haya haya: matembezi siongozi, na tangazo siposti. Si kwa sababu naona aibu. Ni kwa sababu watakaolipa hawajaulizwa. Anayetaka kunibadilisha mawazo asiniletee nembo na rangi, aniletee majibu. Usiku wa tamasha, nani atalala wapi? Wakili nani, na simu yake itakuwa wazi saa nane za usiku? Mtoto wa mtu akifukuzwa nyumbani Kisauni, kodi ya mwezi wa kwanza inatoka mfuko gani? Wa Toronto nimemwambia hivi kwa mapenzi: ile pesa uliyotaka kununulia fulana, itume iwe ya kodi. Amenikasirikia siku mbili kisha ametuma.

Na kwa wale wa "tunyamaze" nimewaambia pia hawatapata walichotaka. Kunyamaza kabisa ndiko kulikotuacha 2010 tunasakwa mmoja mmoja bila kujua jirani ya nani yuko wapi. Wanawake wa lelemama walipohitaji sahihi, walikuwa wanajuana tayari. Sisi hatujuani. Tunajua akaunti.

Tumekubaliana kitu kimoja, na kimechukua wiki tatu na matusi mengi kufika hapo. Kutakuwa na kikao baada ya Idi. Si sherehe, ingawa biriani itakuwepo kwa sababu hii ni Mombasa. Ajenda ni mfuko wa dharura tu, nani anaushika na nani anaukagua. Dada zetu ndio watakaoendesha, na wao ndio wamechagua nyumba. Simu zinaachwa mlangoni kwenye ndoo, hata yangu, kwa hiyo msitafute video.